Chupa za Masika

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu.

Nilikuwa nimefika Kasulu jana yake kwa lori la mizigo, nikiwa na cheti cha ufundi sanifu wa maji na viatu vyeusi ambavyo kaka yangu alininunulia kwa ajili ya ofisi. Fundi Sanifu Mkuu, mtu mfupi aliyekuwa na mazoea ya kuyatazama magoti ya yule anayezungumza naye, alikisoma cheti changu pande zote mbili, ingawa upande wa nyuma haukuwa na kitu, kisha akanirudishia.

"Mwenyeji wa wapi?"

"Makere, Mzee."

"Basi baridi ya maji ya huku unaijua. Vua viatu."

Tulishinda ndani ya mto, yeye akishikilia nguzo na mimi nikipiga nyundo. Ofisi yenyewe niliingia Jumamosi, tena kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na tulitafuta mahali pa kuanikia kamba.

Nawaeleza vijana jinsi kazi ilivyokuwa kwa kuwa siku hizi kifaa kinakaa mtoni peke yake na kutuma vipimo kwa simu. Wakati wetu mto ulisomwa na mtu. Tulisimika geji, yaani ubao wa chuma uliopakwa rangi nyeupe na kuchorwa sentimita mfano wa rula kubwa, mahali ambapo maji hayakauki. Karibu na kila geji tulitafuta msoma geji, mwanakijiji anayejua namba na anayeishi mahali ambapo mto ukibadili sauti atausikia. Aliteremka asubuhi na jioni, akasoma, akaandika. Sisi mafundi tulizungukia vituo kwa baiskeli, na mara mojamoja kwa Landrova, tukiwa na mita ya mkondo. Hicho ni kifaa chenye pangaboi dogo ambalo huzungushwa na maji, na kila linapozunguka fundi husikia mlio masikioni. Mlio ukienda haraka, maji yanakwenda haraka. Ukiuoanisha na geji, unajua mto umebeba maji kiasi gani.

Nilikaa Kasulu hadi nilipothibitishwa kazini, kisha nikahamishiwa Kibondo. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mkuu wangu mpya alikuwa Mhandisi wa Maji wa Wilaya, ambaye watu wote walimwita Bwana Maji. Alikuwa kijana kwa umri na mzito kwa maneno, na daima alikuwa na njiti ya kiberiti mdomoni ingawa hakuvuta sigara.

"Kibondo hakuna umeme, hakuna lami na hakuna udhuru," aliniambia. "Ukishindwa kufika kituoni, usiniambie daraja lilikuwa limevunjika. Niambie ulipita wapi."

Kituo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa mbali upande wa mashariki wa Kitahana, pale kijito kinapoacha vilima na kuanza kupotea ndani ya mafunjo. Ukisimama pale unaona kijani hadi macho yachoke, na huko mbele zaidi ni mabwawa ya Muyovozi. Msoma geji alikuwa Mzee Damiani, mfugaji nyuki, mtu mpole ambaye hakuwahi kukosa kipimo hata kimoja. Mkewe tulimwita Mama Bukuru, kwa jina la pacha wao mkubwa aliyekwisha kuolewa. Huyu mama alikuwa amevuka mpaka pamoja na wazazi wake akiwa msichana, wakati wa misukosuko ya kwao. Nyumba yao ya udongo, juu kidogo ya geji, ilikuwa ya kwanza maishani mwake ambayo aliona miti yake ikipandwa, ikakua, ikatoa kivuli.

Kiangazi kimoja Mhaidrolojia wa Mkoa, mtaalamu wa vipimo vya mito, alikuja kutoka Kigoma akiwa na mgeni, mtafiti wa kike kutoka ng'ambo, mwembamba, mwenye kofia ya ukili. Tulimwita Daktari. Kiswahili alikijua, ila alikizungumza taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. Bwana Maji alimuuliza anatafuta nini Kibondo.

"Natafuta gesi ya kinamasi," akasema. "Lakini kwanza nahitaji barafu."

Barafu ilipatikana mahali pamoja tu, duka la Mzee Shee, mfanyabiashara aliyekuwa amehamia kutoka pwani na ambaye friji lake la mafuta ya taa lilijulikana wilaya nzima. Tulikwenda sote. Daktari akaomba kipande, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Mnaona hivi vitone vyeupe ndani? Ni viputo vya hewa. Mzee, hewa hii iliingia lini?"

"Jana asubuhi, nilipotia maji," Mzee Shee akajibu. "Isipokuwa kama mke wangu amefungua tena."

Daktari akaeleza. Katika nchi za baridi kali theluji huanguka kila mwaka juu ya theluji ya mwaka uliopita, na uzito wake huigandamiza ile ya chini hadi iwe barafu. Hewa iliyokuwa katikati hufungiwa humo katika viputo. Wataalamu huchimba kwa bomba refu na kutoa barafu ikiwa mfano wa nguzo. Kadiri wanavyokwenda chini ndivyo wanavyofikia hewa ya kale zaidi, hewa ya zama ambazo hakukuwa na kiwanda wala gari duniani. Wakivunja kipande cha barafu hiyo ndani ya chombo kisichopitisha kitu, hewa ya kale hutoka nao huipima.

"Na Kilimanjaro je?" Mzee Shee akauliza. "Barafu ya kwetu ina ubaya gani?"

"Ile ya juu juani huyeyuka na kuganda tena. Hewa ya zamani inatoroka."

"Basi ni kama hii yangu. Hewa ya jana, bei ya leo."

Kitu ambacho Daktari na wenzake walikitafuta katika hewa ile ni gesi iitwayo methani. Haionekani, haina harufu, inawaka moto, na ikiwa angani huzuia joto la dunia lisitoke. Kabla ya viwanda ilitoka wapi? Alitaja vyanzo vichache: matope ya vinamasi, matumbo ya wanyama wanaocheua, vichuguu vya mchwa, moto wa porini. Kila chanzo huweka alama yake, kwa sababu kaboni iliyomo huwa ni mchanganyiko wa nyepesi na nzito, na mchanganyiko wa kinamasi si sawa na wa moto. Lakini huwezi kumtambua mtu kwa sauti yake kama hujawahi kumsikia akisema. Ilibidi kwanza gesi ya kinamasi hai ichukuliwe, tena ya kiangazi na ya masika, kwa kuwa bwawa lililojaa halipumui sawasawa na bwawa lililokauka. Baadaye ndipo hewa ya kwenye barafu ingeweza kuulizwa.

Kuichukua ilikuwa kazi ya mikono. Tuliingia majini hadi kiunoni na faneli kubwa ya bati tuliyotengenezewa na fundi wa mabati pale mjini. Faneli hufunikwa majini mdomo ukiwa chini, na juu ya shingo yake husimamishwa chupa iliyojaa maji, imepinduliwa. Mtu wa pili huchokoza matope kwa upondo. Viputo hupanda, huingia chupani na kuyasukuma maji yatoke. Gesi ikishajaa, chupa huzibwa humohumo majini kwa kizibo cha mpira, yakiachwa maji kidogo shingoni ili yawe kizuizi, halafu huhifadhiwa kichwa chini. Juu ya kizibo tulipaka nta. Nta ya Mzee Damiani ndiyo Daktari aliyoisifu kuliko yote.

Siku ya kwanza Daktari aliachia gesi kidogo ya chupa moja kivulini mwa mafunjo na kuwasha kiberiti. Mwali wa bluu ukainuka, ukazimika.

Mzee Damiani akatazama maji aliyoishi kando yake miaka yote. "Na sisi tunatembea kutafuta kuni," akasema.

Mwaka uleule, kwa amri ya serikali, watu walikuwa wakihamia vijiji vipya vya kando ya barabara, na nyumba zilizotawanyika kama ile zilitakiwa kubomolewa. Bwana Maji alikwenda kuwaona wakubwa wa wilaya. Wakamwambia geji inaweza kusomwa na mtu anayetembea kutoka kijijini. Akawajibu kwamba huenda geji inaweza, lakini gesi inahitaji mtu anayelala palepale, kwani masika barabara hufungwa na mtafiti amekuja kutoka mbali. Wakakubali nyumba ibaki, maadamu kazi ya Daktari ipo na inaendelea. Nilikuwepo alipowapelekea wenye nyumba habari hiyo. Mama Bukuru aliisikiliza akiwa anapepeta maharage.

"Kwa hiyo tunakaa kwa sababu ya tope," akasema.

"Kwa sababu ya tope, Mama."

"Basi nitaliheshimu."

Masika yalipoingia, Daktari alikwenda kuchukua gesi katika mabwawa ya upande wa Uvinza, na Mzee Damiani akaachiwa chupa, faneli na vizibo. Kila wiki aliingia majini na binamu yake. Majirani waliokuwa wanakuja kuaga kabla ya kuhama walimtania bila huruma.

"Damiani, umevuna nini leo?"

"Pumzi ya matope."

"Sema ushuzi wa matope, usituonee haya. Na serikali italeta gari kubeba ushuzi?"

"Italeta."

Aliandika tarehe kwenye karatasi ndogo, akaifunga kwa uzi shingoni mwa kila chupa, akazipanga kichwa chini ndani ya kihenge alichokitandika nyasi. Mkewe alikatazwa kuzigusa. Mara moja tu niliweza kufika, baiskeli ikiwa begani zaidi kuliko chini yangu, nikakuta mpango wote uko sawa kuliko ofisini kwetu.

Mvua zilipokatika, Daktari alirudi Kibondo. Muda wake wa kukaa nchini ulikuwa umekwisha na alitakiwa kuwahi treni ya Kigoma. Bwana Maji akatuma mtu kwa baiskeli kuwaarifu wenye nyumba kwamba kesho yake tunafuata chupa.

Mpanda baiskeli hakumkuta Mzee Damiani. Alikuwa Nyabibuye kwenye msiba wa kaka yake, na matanga yalikuwa hayajaondolewa. Alimkuta Mama Bukuru peke yake, akamwambia: gari la serikali linakuja kuchukua chupa za mgeni.

Tulifika kabla ya saa sita. Bwana Maji alikuwa mbele na dereva, mimi nyuma na masanduku. Mama Bukuru alikuwa amefagia uwanja na kuvaa kitenge chake cha kanisani. Chupa zote zilikuwa zimepangwa juu ya mkeka, zimesimama wima, zimefutwa vumbi, karatasi za tarehe zikiwa bado shingoni. Zilikuwa za rangi ya kahawia iliyoiva, na jua lilipita ndani yake vizuri sana.

Dereva akachuchumaa, akainusa moja.

"Asali," akasema.

"Ya msimu huu," Mama Bukuru akasema. "Ile nyeusi nimeitia katika hizi za mwisho. Yote imeingia, haikubaki hata ya kulamba."

Bwana Maji alitoa njiti mdomoni. "Mama, kwa nini?"

Alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula. "Mwanangu, mgeni ameacha vyombo vyake kwangu masika yote. Gari linakuja kuvichukua. Nimefungua kihenge, nakuta vitupu. Mume wangu hayupo. Nivirudishe vitupu? Watu wangesema nini juu ya nyumba hii?"

Mimi ni mtoto wa Makere. Mama yangu hakuwahi kumrudishia jirani kikapu bila kutia chochote ndani, hata kama ni viazi viwili. Nilimwelewa kabla hajamaliza, na nilijua kwamba katika Buha nzima, nchi yetu wasema Kiha, hakuna mwanamke mwenye adabu ambaye angefanya vinginevyo.

"Hakukwambia zina nini?" Bwana Maji akauliza.

"Aliniambia zina pumzi. Lakini mimi kila wiki namwona anatoka na chupa tupu, anarudi na chupa tupu. Nikasema mume wangu sasa amekuwa mtu mzima." Kisha, alipoona hatucheki: "Na hata kama ni pumzi, tope si lipo? Linapumua kila siku. Mtachota nyingine."

Bwana Maji akaenda hadi ukingoni mwa maji. Aliporudi, njiti ilikuwa mdomoni tena.

"Tutachota nyingine," akasema. "Leo hii. Tunamimina asali kwenye mitungi, tunasuuza chupa, tunajaza. Gesi ni gesi. Karatasi za tarehe ziko hapahapa."

Nikamwambia kwamba bwawa lilikwisha kuanza kushuka, na kwamba gesi ya masika ndiyo hasa Daktari aliyoifuata.

"Najua alichokifuata, Fundi. Nilikuwepo dukani kwa Mzee Shee kama wewe." Akamgeukia Mama Bukuru, na ninaandika kwa heshima yake kwamba hakumficha jambo. "Mama, nisikilize. Wakubwa waliacha nyumba hii kwa ajili ya kazi ya chupa. Nikirudi na habari kwamba kazi ya masika yote imepotea, sina neno la kuwaambia. Watasema mhamie barabarani kabla ya mvua nyingine, na hawatakuwa wamekosea, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana. Tukijaza leo, mnakaa."

Dereva akatazama chini. Mama Bukuru akaketi kwenye ukingo wa mkeka, karibu na chupa zake.

"Huyo Daktari akifika kwao ataifungua hiyo pumzi?"

"Ataifungua na kuipima."

"Akidhani ni ya wakati wa mvua kubwa."

"Ndiyo."

"Kisha atasimama mbele ya watu aseme ni ya mvua kubwa, nao wamwamini."

Bwana Maji akaitafuna njiti yake.

"Basi hapo ndipo nitakuwa nimempa mgeni chombo kitupu," akasema. Akaitazama nyumba, mlango, migomba, mizinga ya magome juu ya miti. "Nimeshahama mara moja, nikiwa mdogo. Tulikimbia usiku, hatukuaga mtu. Mkinihamisha mchana, na vitu vyangu kichwani, na watu wakijua nakwenda wapi, si sawa na ile." Akainuka, akajikung'uta kitenge. "Kuna nafasi kwenye gari? Nitamwambia mwenyewe. Mkimwambia ninyi mtaongeza maneno."

Tulikwenda naye Kibondo, amekaa mbele na Bwana Maji, na njia nzima aliuliza habari za injini. Masanduku ya chupa za asali nilikuwa nayo nyuma. Daktari alitupokea barazani pa nyumba ya wageni. Mama Bukuru alimsalimu, akaulizwa habari za nyumbani, akauliza za safari, kama inavyotakiwa. Kisha akasema alichokifanya, kwa Kiha, taratibu, nami nikatafsiri bila kupunguza.

Daktari alichukua chupa moja, akasoma tarehe shingoni. Akaiweka. Akachukua ya pili. Alifanya hivyo kwa zote, na kila tarehe aliitaja kwa sauti ndogo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini hakulia mbele yetu.

"Mwambie asante," akasema mwishoni.

"Kwa asali?"

"Kwa asali, na kwa kuja." Akavuta karatasi yenye jedwali lake. "Nina kiangazi. Nina mwanzo wa mvua. Masika ya hapa sina. Nitasema sina."

Akachora mstari pembeni mwa sehemu ile na kuiacha nyeupe. Halafu akauliza nyumba itakuwaje, na Bwana Maji akamweleza. Asubuhi yake Daktari alikwenda kwa wakubwa kuwaombea, na Bwana Maji akaenda naye. Walisikilizwa kwa adabu. Jibu lilikuwa lilelile. Treni haikungoja. Alizibeba chupa zote za asali, moja akiwa ameishika mkononi, na sikumwona tena.

Mzee Damiani alirudi kutoka Nyabibuye akakuta habari zimemtangulia. Nilikuwa pale. Alikaa kwenye kigoda, mkewe akamsimulia kuanzia mwanzo.

"Asali yote?"

"Yote."

"Na ile nyeusi?"

"Na ile nyeusi."

Akatikisa kichwa polepole. "Ile nyeusi ungemwonjesha tu," akasema, na hilo ndilo lalamiko pekee nililomsikia akitoa.

Nyumba ilibomolewa kiangazi hichohicho. Nilisaidia kuteremsha boriti na kubeba mlango, kwa sababu mlango ulikuwa wa mninga na Mama Bukuru hakutaka uwekwe kwenye lori pamoja na mabati ya watu. Walipewa kiwanja kando ya barabara, kikavu, bila mti. Mzee Damiani aliendelea kusoma geji. Alitoka kijijini kabla ya jogoo la pili, akaenda mtoni, akarudi, na jioni akaenda tena, hadi magoti yalipokataa. Miaka ile vipimo vya kituo kile ndivyo vilivyokuwa safi kuliko vyote vya wilaya.

Bwana Maji alihamishiwa mkoa mwingine. Siku ya kuondoka aliniita ofisini. "Fundi, siku ile ningejaza zile chupa," akasema. "Na ningelala usingizi. Hilo ndilo linanisumbua." Nilimjibu kwamba alikuwa anaitetea nyumba ya watu. Akasema, "Ndiyo, lakini mwenye nyumba alikuwepo." Sikupata mkuu mwingine wa namna yake.

Mimi nilirudi Kasulu, nikapanda cheo, nikajenga mabomba ya maji ya mserereko Makere na kwingineko, yale yanayoteremka kutoka chemchemi bila pampu. Nilifanya kazi chini ya wakuu wengi. Wengine walinifunza kazi na wengine walinifunza uvumilivu. Mambo ya barafu sikuacha kuyafuatilia, kila nilipopata redio au jarida. Nimesoma kwamba barafu imekwisha kutoa majibu, na kwamba methani ya kale ilipanda na kushuka, na sehemu kubwa ya sababu ni vinamasi vya nchi zenye joto kama yetu: mvua zikizidi vinapanuka na kupumua zaidi, zikipungua vinanyamaza. Sijui kama chupa zetu za kiangazi zilichangia hata neno moja katika majibu hayo. Huenda hazikuchangia. Ninachojua ni kwamba hazikuharibu.

Watu hudhani kipimo kinaharibiwa na mtu mbaya. Katika miaka yangu yote nimeona vipimo vingi vikiharibiwa na watu wema: anayemhurumia msoma geji aliyeumwa, anayemsitiri mkuu, anayetaka kijiji kipate bomba mapema. Huruma yao ilikuwa ya kweli. Ila mto hauna namna ya kukanusha ulichosingiziwa, na atakayekuja baadaye kujenga daraja atauamini.

Miezi ya mwisho kabla ya kustaafu nilipewa kijana wa kumwachia kazi, hodari wa kompyuta, ambaye alikuwa akiingiza vipimo vya zamani vya mito yote. Siku moja akaniita.

"Mzee, kituo hiki kina miezi isiyo na kitu. Msomaji aliugua, nadhani. Nijaze kwa wastani wa miaka mingine? Ripoti itapendeza."

"Unaweza kukisia, lakini uweke alama kwamba umekisia."

"Alama nani ataiangalia, Mzee wangu? Wao wanataka mstari usiokatika."

Sikubishana naye. Wiki iliyofuata tulikuwa na safari ya Kibondo, nikamwomba dereva apitie njia ya Kitahana na kuendelea mashariki hadi mwisho wa barabara. Tukatembea sehemu iliyobaki. Geji ya zamani haipo. Mafunjo yapo. Juu kidogo ya maji pana mwinuko wa udongo uliokwisha kusawazika, mawe matatu ya jikoni, na migomba ambayo hakuna anayeipogoa, imezaliana ovyo hadi kuwa kichaka.

"Nani alikuwa anaishi hapa?" kijana akauliza.

Nikamweleza, kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza akiwa amesimama katikati ya mawe yale. Mwishoni aliuliza kama Mama Bukuru yu hai, nikamwambia amezikwa kule kwenye kijiji cha barabarani, kando ya mumewe, na kwamba miti aliyoipanda pale ina kivuli kizuri.

Ofisini Kasulu alifungua kompyuta na kurudi kwenye jedwali lake. Mimi nilikuwa nafunga vitu vyangu kwenye boksi. Nilipokuwa napita nyuma yake nikachungulia. Vipimo vilikuwa vimeshuka safu kwa safu, vimefika kwenye ile miezi, vikasimama, na chini yake vikaendelea. Katikati palikuwa peupe.